Mbegu ya Themanini na Nane

Torkild Ravnsbæk, fundi wa kukaza nyuzi za piano
mjini Svendborg miaka arobaini na mmoja,
amelala chali, miguu imeinuliwa juu ya vishikizo,
dawa ya usingizi imemlegeza taya.
Asubuhi aliniuliza: Hiyo sauti yenu ni noti gani?
Nikamwambia haisikiki.
Imepita masikio ya mbwa, imempita hata popo.
Akanuna kidogo,
kama mtu aliyekosa kadi ya harusi ya jirani.

Kwenye kioo, tezi dume yake:
kivuli cha kijivu, unene wa ndimu,
na mfereji wa mkojo umekata katikati,
usiguswe.
Daktari Aamand hamtazami Torkild.
Anautazama mwangwi wa Torkild.
Sindano inapenya tundu la tatu, safu ya nne,
na ndani ya kijivu inachomoza nukta nyeupe.
Kushoto, milimita mbili.
Hapo.
Hapo hapo.
Anairudisha sindano taratibu, mbegu zinabaki nyuma,
aidini ndani ya ganda la titani,
kila moja fupi kuliko punje ya mchele.

Dawa ya moto ni moto,
ila huu ni moto wa kupimiwa kwa kibaba,
kila siku sitini unapungua nusu,
nusu ya nusu,
hadi maganda yabaki matupu mle mle nyamani.

Kazi yangu ni kuhesabu.
Zilizotoka kwenye mtungi wa risasi: themanini na nane.
Zilizoingia: themanini na saba.
Nikahesabu tena. Hesabu haimwonei mtu haya.
Pasitoke mtu, nikasema,
na muuguzi Jytte akaganda, mguu mmoja hewani.
Nikapitisha kipimo juu ya shuka, beseni, pamba, glavu.
Kimya. Kimya.
Kisha, kwenye soli ya Jytte, kikaanza kutatarika
kama mafuta yaliyodondokewa na maji.

Daktari akarudi kwenye kioo.
Pembeni kushoto, kweli, palikuwa na pengo.
Akaomba moja ya akiba.
Safari hii hakuna aliyepumua.

Jioni Torkild alitaka kujua ni ngapi.
Themanini na nane, nikasema.
Akacheka hadi akashika tumbo, akajuta kucheka:
Umenitia piano nzima, vibonye vyote!
Nikamwambia kwamba moja ilipotea kidogo.
Ipi?
Mimi sijui kupiga hata zumari. Nikabahatisha:
Ya mwisho kulia, ile nyembamba.
Aa, hiyo, akasema. Hiyo haipigwi na mtu.
Akafikiri.
Lakini isingekuwepo, ningejua.

Nikampa karatasi ya masharti:
mjukuu asipakatwe, miezi miwili.
Aliisoma mstari huo mara mbili,
akaikunja mara nne, akaisukumia mfuko wa koti,
ikagonga ufunguo wake wa kukazia nyuzi.