Mizani ya Buchani

Mizani tuliiazima kwa Pelto mwuza nyama,
ile anayopimia kulungu wa Novemba;
unywele mmoja wa kahawia bado umenasa bawabani.
Tukaipandisha roboti. Namba zikacheza, zikatulia:
kilo hamsini na tisa na gramu mia.
Sheria inakoma hamsini na sita na mia saba.
Mizani ni mizani, hata ya shairi:
ikizidi silabi moja, ubeti mzima unachechemea.

Nje Hancock ilikuwa imezikwa na theluji.
Punje moja haina uzito, alisema Corwin,
muulizeni mjomba wangu paa lake liko wapi.

Watu wa mkono wakatugeukia sisi wa magurudumu.
Fremu yenu nene, wakasema,
kwa sauti ya kumsengenya mtu mnene akiwa palepale.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Wao wana mnara mwembamba unaofika rafu ya tatu,
sisi tuna gia, mnyororo, na grisi hadi viwikoni.

Basi tukaanza.
Ekseli za chuma nje, bomba za alumini ndani: gramu mia sita.
Maren akazitoboa gia matundu sita sita
zikabaki kama lesi.
Bolti zikawa ribiti.
Nilikata ncha ya skrubu iliyozidi nati,
nikaipima peke yake kwenye mizani ya maabara.
Gramu mbili!
Nikaitia mfukoni kama sarafu.
Nyuzi za alumini zikaingia kwenye soksi,
zikaingia hata kwenye mkate wa Tuuli, naye akala.

Saa nne usiku. Gramu mia tisa bado,
na hapakuwa na pa kutoboa ila ndani ya tundu.

Ndipo Maren akaweka kidole kimoja
juu kabisa ya mnara, akasukuma.
Roboti ikalala ubavu,
taratibu, kama mlevi anayeomba radhi.
Tumeinyang'anya miguu, alisema.
Huku chini uzito ulikuwa kazini.

Kimya. Hita ikakohoa.
Ansel, aliyeuchora mkono ule Septemba
juu ya boksi la piza,
akachukua msumeno wa chuma
akakata kipande cha rafu ya tatu
bila kumtazama yeyote.
Alipomaliza alikifagia mwenyewe.
Kilo moja na gramu hamsini.

Zikabaki gramu mia na hamsini za chenji.
Tukazirudisha chini, bamba la chuma
katikati ya magurudumu ya nyuma,
na Maren akasukuma tena, kidole, kisha kiganja.
Ikasimama.

Alfajiri Pelto akaja kuchukua mizani yake.
Akaipangusa kwa aproni, akauliza:
mlipata kulungu?
Tulimpata, nikasema.
Hana pembe.