Kope ya Juu

Kope ya juu ya jicho la kulia
ilianza kucheza Jumatatu moja ya mfungo sita
nikitia lastiki kiunoni mwa sketi ya shule.
Nikasema: mgeni.
Nikafagia uwanja, nikaloweka mchele wa vibibi,
nikamtuma mtoto wa jirani Barabara ya Kumi na Nne
akalete kuku, asiwe wa kisasa.

Siku ya tisa vibibi wameshakula majirani
na kope bado inapiga
kama sindano ya cherehani iliyokatikiwa uzi.

Bombo wakanitoa damu.
Binti mmoja, Semhando, Mbondei mwenzangu,
akakaa mbele yangu na daftari na saa ya mshale,
akanitazama jichoni, akihesabu:
kumi na nne kwa dakika.
Sijatazamwa hivyo tangu Mhina aondoke.

"Magnesi imepungua," akasema wiki mbili baadaye.
"Ni madini. Msuli ukiikosa
hausikii ukiambiwa tulia.
Tumepima watu sitini na wawili, mama,
lakini usinitungie hadithi:
kuandamana si kusababishana.
Wapo waliojaa magnesi na kope zinacheza.
Hao hawalali, na chai ya rangi wanamaliza birika."
Nikalikumbuka birika langu, nikanyamaza.

"Inapatikana wapi hiyo?"
Akataja kunde, korosho, mchicha,
kisha akacheka: "Hata kwenye mabwawa ya chumvi.
Chumvi ikishaganda, yale maji machungu yanayobaki,
imo humo, tele."

Yale maji!
Mhina kayamwaga miaka sita,
akirudi visigino vimepasuka,
akisema hata mbu hazai humo.
Halafu akasikia Mtwara kuna gesi
na mishahara isiyochelewa.

Kidonge kimoja baada ya chakula cha usiku.
Wiki ya tatu kope ikatulia tuli,
kuku juu ya mayai.
Semhando akaandika sifuri, akafurahi,
nami nikafurahi naye, wallahi;
mshono ukanyooka.

Ila uwanja sijaufagia.
Mchele umo debeni, mkavu.
Na jana, baada ya isha,
kope zote nne zimetulia, hazina habari yoyote,
nikaitafuta namba yake, nikapiga mimi.

Ikaita.
Vidonge vimebaki vinne.
Ikaita.