Harufu ya Kiazi

Punje moja tu iliyotobolewa na mdudu,
anasema Cirhuza wa maabara,
na kikombe kizima kinanuka kiazi kibichi.
Ng'ambo wakiinusa hiyo, kontena litarudi Bukavu.

Basi Nsimire anachambua.
Kahawa ya Kalehe, unyevu kumi na moja,
kijani cha kijivu, kama jiwe la mtoni.
Kidole kinaijua kasoro kabla ya jicho.
Iliyovunjika, kando. Yenye tundu, kando.
Ile isiyo na alama yoyote
ndiyo inayomkosesha usingizi.

Jioni anapanda Kadutu,
mtaro umefurika, umeme hakuna.
Anamenya viazi kwa kupapasa.
Kitindamimba anaokota kimoja, anakinusa,
anafumba macho kama Cirhuza:
"Mama, hiki kipite."