Ya Kukulia

Sweta ya shule tulimnunulia kubwa,
ya kukulia.
Mikono tukaikunja mara mbili,
pindo bibi yake Nesta akalipiga sindano,
na hakuna aliyelalamika.
Viatu vya mpira vivyo hivyo:
soksi mbili, gazeti kidogo kwenye ncha,
mwaka ukapita.

Basi Gethin, mtoto wa nyumba isiyotupa hata kipande cha kamba,
alisimama dukani kwa Prosser Jumamosi asubuhi,
mvua ya Wales ikigonga bati kama mdai,
akaweka kiganja juu ya pikipiki ya magurudumu manne,
ile nyekundu, ya kati,
akasema, "Hii. Ataikulia."

Mabli ana miaka sita na nusu.
Nusu huisisitiza mwenyewe.
Alikwisha kuchagua yake kule pembeni, ya zambarau,
kwa sababu ina picha ya nyuki.

Prosser hakubishana.
Alifuta grisi vidoleni, akampandisha juu ya nyekundu.
"Kaa." Akakaa.
Nyayo zikaning'inia, zikatafuta pa kukanyaga
kama mtu anayeshuka ngazi gizani.
"Kata kona, mpaka mwisho."
Usukani ukaenda kushoto, bega la kulia likaufuata,
kifua kikalalia tangi,
kidole gumba kikang'ang'ania mafuta
na breki ikabaki kule mbali, haina wa kuishika.
"Simama."
Akasimama kwa ncha za vidole.
Prosser akajaribu kupitisha kiganja
kati ya kiti na suruali yake.
Hakikupita.

Injini ilikuwa imezimwa, nashukuru,
na hata hivyo nilikuwa nimeshika ukosi wa koti lake.

"Sweta hukunjwa mikono," nilisema.
"Hii tutaikunja wapi?"

Gethin hakujibu.

Kwenye mwimo wa mlango wa jikoni kwetu
kuna mistari ya penseli. Gethin wa miaka minne, mitano, saba,
Gethin wa kumi na sita, karibu agonge juu.
Kando yake, Iolo: mitatu, mitano, saba, tisa.
Baada ya tisa, mbao tupu.
Tumepaka jikoni rangi mara tatu tangu niolewe
na mara tatu brashi imeukwepa mwimo ule.
Mashine ilikuwa ya baba yao, ya kubebea nyasi.
Mteremko ni huu huu tunaoshusha kondoo kila Oktoba.
Na baba yao alikuwa amesema neno fulani siku hiyo,
neno nisilowahi kuambiwa,
mpaka pale dukani nilipouona uso wa Gethin
ukilisikia likitoka kinywani mwake mwenyewe.

Aliondoa kiganja.
"Tuonyeshe ya nyuki."

Nyayo bapa. Magoti yamekunjika.
Kona mpaka mwisho, na viwiko bado vina akiba.
Vidole viwili juu ya breki, bila kunyoosha shingo.
Alisimama, na kiganja cha Prosser kikapita,
kisha ngumi.
Kuna skrubu ya kubana mafuta:
ikikazwa, haizidi mwendo wa mtu anayewahi basi.
Kuna kamba nyekundu nyuma:
ukiivuta, injini inakata roho.

"Mwakani itamshinda udogo," Gethin alisema.
"Mwakani nitainunua tena," Prosser akasema,
"kama nilivyoinunua mara mbili. Tazama,
hapa mbwa wa watu fulani alitafuna."

Kofia ngumu tulichukua mpya.
Hiyo haina ya kukulia wala ya kurithi.

Leo wako uwanjani, pale tambarare nyuma ya ghala.
Gethin anatrotitroti nyuma, kamba ameizungusha kifundoni,
matope mpaka magotini.
Fflos, mbwa wetu mzee mwenye nyonga mbovu,
amewapita, amekaa, anawasubiri.
"Baba, haikimbii!" Mabli anapiga kelele ndani ya kofia.
"Haikimbii," Gethin anaitikia, pumzi juu juu,
kama mtu aliyesifiwa.