Barua Mia Nne na Kumi na Mbili

Saa nane na robo usiku, chini ya maktaba ya Kärdla,
nimechutama mbele ya seva
kama mtu mbele ya ng'ombe aliyegoma kukamuliwa.
Feni inazunguka. Taa ya kijani inapepesa.
Haiumwi popote, ila haisemi.

Siku tatu kisiwa hakijapata barua.
Bi Urve wa kwaya amenipigia mara tano:
"Leelo, mwanangu, mmenifuta?"
Hujafutwa, Bi Urve. Majina yote yapo,
elfu moja mia mbili na nane,
nimeyahesabu kama vifaranga baada ya mwewe kupita.

Nilishuku diski: nafasi tele.
Nilishuku waya; nikauchomoa, nikaupuliza, nikaurudisha,
tiba ya wasiojua, nami sikujua.
Nilishuku nywila, nikashuku kampuni ya simu Tallinn,
nikamshuku hata Taavi aliyepita na ufagio Jumamosi.
(Taavi, niwie radhi.)

Mwisho nikasoma daftari lake,
lile ambalo mashine huandika hata asipokuwepo wa kulisoma.
*Cheti hakijaanza kutumika.*
Mstari huo huo, mara elfu,
kama mtoto aliyenyoosha kidole darasani tangu asubuhi.
Hakijaanza vipi? Nilikiomba mwenyewe vuli iliyopita.
Nikatazama tarehe, pembeni, kwa herufi ndogo:
mosi Januari, elfu mbili na tisa.

Jumamosi usiku msonobari ulilemewa na theluji,
ukaangukia nyaya, umeme ukakatika,
na betri ya saa, duara kama kifungo cha koti,
ikafa bila kuaga.
Seva ilipozinduka haikujua imelala muda gani.
Ikajihesabu upya tangu kiwandani,
na kila mlango iliobisha huko bara
ukachungulia tundu, ukauliza: wewe ni wa lini?

Betri nyingine niliitoa kwenye mizani ya jikoni kwangu.
Unga wa kesho nitaukadiria kwa kiganja.

Saa imerudi. Milango imekubali.
Kidole kipo juu ya kitufe cha kuachilia foleni,
barua mia nne na kumi na mbili,
na usingizi unanong'ona: bonyeza, ukalale.

Tone.
Tone jingine, dirishani.
Paa linayeyuka.

Nikafungua barua ya kwanza. Ya Endel, mpimaji wa barafu,
Jumapili, saa moja asubuhi:
"Sentimita ishirini na sita. Njia imefunguliwa,
Heltermaa hadi Rohuküla. Msifunge mikanda. Msisimame."

Ilikuwa kweli alipoiandika.
Lakini sasa ni Jumatano, na upepo wa kusini
umelilamba lile barafu siku mbili.
Endel aliandika tena: "Nimerudisha vizuizi. Asiende mtu."
Barua ya mia tatu na tisini na moja,
nyuma ya paka aliyepotea Käina,
nyuma ya kuni za kuuza, mazoezi ya kwaya,
nyuma ya msiba wa mtu niliyedhani yu hai.

Namjua jirani yangu Aivar.
Huamka saa kumi na moja, husoma ya juu kabisa,
huwasha gari kabla kahawa haijapoa.

Basi sikubonyeza.
Nilivuta kiti, nikazisoma zote, moja moja,
kama mpekuzi, kama mwizi, kama posta wa zamani.
Ya Endel ya mwisho nikaitanguliza.
Ya kwanza nikaizuia.
Nyingine nikaziachia kwa zamu zao, na paka yule pia,
ingawa niliona chini kabisa kwamba amepatikana.

Saa mbili asubuhi simu ikalia.
"Leelo, tangazo la kwaya limekuja mara mbili.
Hiyo mashine yako ina shida."
Nikamwambia Bi Urve nitaitazama.