Kumi na Nne Nukta Moja

Kazi yangu ni kuonja na kutema.
Miaka kumi na tisa, Moshi mjini, chumba cha sampuli:
vikombe vyeupe mstari mmoja, kijiko kirefu,
navuta kwa kelele, kahawa inapasukia kaakaani,
nataja: limau, sukari guru, udongo wa mvua za kwanza,
kisha natema kwenye ndoo.
Tumboni hakishuki hata kijiko.

Nesi Foibe wa kliniki ya Jumanne ndiye aliyenicheka:
"Wewe unatema. Ubongo hautemi."
Ulimi ukigusa utamu, akasema, habari inapanda kichwani,
inashuka kwa neva ndefu ipitayo shingoni,
pembeni ya moyo, hadi kwenye kongosho,
na kongosho, bila kuuliza, linaanza kumwaga insulini,
linafagia uwanja kwa ajili ya mgeni
ambaye mimi nimeshamtema.
"Ila lako limechoka. Siku hizi tarishi akibisha hodi
linaitika baadaye."
Sikucheka. Nilimfikiria yule tarishi
kasimama mlangoni, barua mkononi, jua linamzamia.

Hayo niliyabeba.
Lililonishinda lilikuja Jumamosi.

Kikao cha kihamba, kwa marehemu mama, Kibosho.
Alfajiri nilipima: sita nukta mbili.
Nikanywa chai ya rangi, kavu, basi.
Manyunyu. Viti vya plastiki vimezama miguu matopeni,
migomba inadondoshea maji shingo za wajomba.
Kaka yangu Eliawony akakunjua karatasi:
mibuni ing'olewe, nusu ya eneo iuzwe,
mnunuzi yupo, ana haraka.
Sikusema neno.
Nilihesabu mibuni. Ule wa tatu kutoka kaburini
mama aliupanda mwaka nilipougua surua.

Ndani, wengine walishasema kwa niaba yangu.
Ubongo ulipiga mbiu kana kwamba kuna chui migombani.
Tezi zilizokalia figo zikaitika,
ini likafungua ghala, likagawa sukari bila stakabadhi,
kongosho likaambiwa: wewe nyamaza kwanza.
Miguu ikapewa mafuta ya kukimbilia mpaka Himo,
na miguu yenyewe imekaa, imebana magoti,
imevaa viatu vya kanisani.

Nilijiiba nyuma ya zizi, nikachoma kidole.
Kumi na nne nukta moja.
Nikanawa, nikafuta, nikabadilisha sindano,
nikidhani labda nimeshika ndizi mbivu.
Kumi na nne nukta tatu.
Na tumbo tupu! Imetoka wapi?
Imetoka kwangu. Nimeiweka mwenyewe, usiku kwa usiku,
kama sarafu za kibubu,
na hofu imekuja na nyundo.

"Unafanya nini huku?"
Eliawony, na mwavuli uliovunjika ubavu.
Nilimwonyesha namba. Hakujua kuisoma,
lakini aliitazama kuliko alivyoitazama karatasi yake.
Kisha akanyoosha kidole, kile chenye kovu la panga
tangu darasa la nne.
"Nipime na mimi."

Kumi na moja kamili.
"Umekula nini?"
"Sijala tangu jana." Akanyamaza. "Wala kulala."

Damu nzito kuliko maji, husema watu.
Hawakutuambia kwamba huweza pia
kuwa tamu kwa woga.

Tukasimama, ng'ombe anatupumulia migongoni.
Wajomba waliita. Hatukuitika upesi.

Mibuni haijaokoka, nisiseme uongo;
kikao kimesogezwa hadi baada ya Pasaka.
Ila Jumatatu, kikombe cha nne, nilivuta
nikakutana na Kibosho: ule udongo, lile limau la upande wa mto.
Ndoo ilikuwa pale pale mguuni.
Nikameza.
Tarishi naye, mara moja tu,
afikishe barua yenye kitu ndani.