Upande wa Pili

Kaseti ya Ndahani Chilewa nilirithi kwa shemeji,
jalada limeliwa na mende, jina limebaki nusu.
Natengeneza redio hapa Majengo tangu tisini na moja,
najua mashine ipi hutafuna utepe,
na hii sijawahi kumpa mtu aiguse.

Upande wa pili, wimbo wa tatu:
gitaa linaanza kama mtu akwanguaye ukoko,
linapanda, linalia, halafu
pa!
Uzi wa nne umekatika.

Hakusimama.
Akaliruka pengo kama mbuzi arukavyo korongo,
na nje treni ya Kigoma ikapiga honi,
ikaingia kwenye wimbo bila kualikwa.

Hawakurudia. Pesa ya studio ilitoka kwenye zabibu,
na mwaka ule zabibu ziliozea shambani.
Albamu tatu tu. Ya mwisho hakuiona;
aliiona mjane wake, akauza nakala mbili
akanunua debe la uwele.

Juzi, harusini Chang'ombe,
binti mmoja, Sechelela, kapanda jukwaani
na nyuzi sita mpya za dukani, zote zinang'aa.
Alipofika pale, akaruka.
Nikamfuata: mbona unaacha pengo, uzi si unao?
Akanitazama kama nimemuuliza kwa nini uji ni wa moto.
"Si ndivyo wimbo ulivyo, baba."

Na treni?
Siku hizi haipiti saa zile.
Anaipiga kwa kisigino.